Dk. Leader Stirling: Daktari wa Mnero aliyeingia Wizara ya Afya

KATIKA orodha ya mawaziri waliowahi kuiongoza Wizara ya Afya ya Tanzania, lipo jina moja ambalo kijana wa leo akikutana nalo hukosa kulitambua mara moja. Ni jina la Dk. Leader Stirling, Mwingereza kwa kuzaliwa na Mtanzania kwa hiari yake mwenyewe, ambaye kabla ya kukalia kiti cha uwaziri mwaka 1975 alikuwa amekwisha kutibu watu vijijini kwa zaidi ya miaka 30.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kusini mwa nchi: kwanza Lulindi katika eneo la Masasi, kisha Mnero wilayani Nachingwea. Alifariki dunia Februari 2003, akiwa na umri wa miaka 97.

Dk. Stirling hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Alikuwa daktari wa upasuaji, tena wa aina ile ambayo vijijini huitwa kutibu kila kitu: uzazi uliokwama, mfupa uliovunjika, jicho lililoingia kitu, na homa isiyojulikana chanzo chake.

Hata hivyo, maisha yake yanafaa kukumbukwa na kila anayejiuliza swali ambalo Nachingwea na Ruangwa zimeishi nalo kwa muda mrefu: mtu akiugua akili kijijini, nani amtibu, na amtibie wapi? Jibu la swali hilo limo katika kazi aliyoifanya mzee huyo, ingawa yeye aliifanya akihangaikia maradhi mengine.

Safari ya kuja Masasi

Leader Dominic Stirling alizaliwa Uingereza Januari 1906. Jina lake la kwanza, ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kiongozi, lilikuwa jina alilopewa na wazazi wake, si cheo. Alisomea udaktari London, na mwaka 1935 alikuja Tanganyika kuifanyia kazi misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa ufupisho wa UMCA, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuota mizizi Masasi.

Misheni hiyo ilikuwa chini ya Askofu William Vincent Lucas, aliyeliongoza jimbo la Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944. Askofu Lucas anakumbukwa kwa kujaribu kuzipatanisha mila za jando na mafundisho ya Kanisa badala ya kuzipiga marufuku. Kwa hiyo daktari kijana aliingia mahali ambapo suala la kuheshimu desturi za wenyeji lilikuwa tayari limekwisha kujadiliwa.

Jimbo la Kusini la wakati ule lilikuwa mbali na kila kitu. Barabara zilikuwa za udongo, na mto Rufiji ulilitenga na Dar es Salaam. Masika yaliponyesha, magari yalikwama kwa wiki kadhaa, na mara nyingine kwa miezi. Hali hiyo iliendelea kwa miongo mingi. Daraja la kudumu la Rufiji, linaloitwa Daraja la Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003, mwaka uleule aliofariki Dk. Stirling.

Hospitali ya Lulindi aliyofanyia kazi ilikuwa ya kuta za udongo na paa la nyasi. Hakukuwa na umeme wala maji ya bomba. Katika mazingira hayo alifanya operesheni, akazalisha, akatibu vidonda ndugu, na akawahudumia Wamakua, Wamakonde na Wayao waliotembea kwa siku nzima, wengine wakiwa wamebebwa machelani.

Kazi hiyo aliieleza katika kitabu chake cha kwanza, kilichochapishwa mwaka 1947 kwa jina la Bush Doctor. Baadaye aliandika kingine, Tanzanian Doctor, kilichotoka mwaka 1977 wakati akiwa waziri.

Kufundisha kabla ya kujenga

Jambo lililomtofautisha mapema ni imani yake katika mafunzo. Daktari mmoja katika eneo lenye maelfu ya watu hawezi kufika kila mahali hata akiwa na bidii ya mchwa. Alichoweza kufanya ni kuwafundisha vijana wa hapohapo kazi ya uuguzi, kwa mtaala na mitihani, wala si kwa kuwazoesha kushika ndoo na kufagia wodi tu.

Leo jambo hilo laonekana la kawaida. Katika miaka ya 1930 halikuwa hivyo. Wapo walioamini kwamba Mwafrika wa kijijini angeweza kuwa msaidizi wa hospitali, lakini si muuguzi kamili mwenye kujiamulia. Lulindi ilithibitisha kwamba dhana hiyo haikuwa na msingi.

Thamani ya mafunzo hayo inaonekana zaidi mtu akikumbuka hali ya nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961. Mwalimu Julius Nyerere alirudia mara nyingi kuwakumbusha wananchi kwamba madaktari Watanganyika waliokuwapo wakati huo walikuwa 12 tu. Nchi yenye watu wanaokaribia milioni kumi ingewezaje kutibiwa na watu 12? Iliwezekana kwa sababu nyuma yao walikuwapo wauguzi, wakunga na matabibu wa ngazi za chini waliofunzwa katika vituo kama Lulindi.

Maradhi yasiyoonekana kwa macho

Katika wodi za aina hiyo mgonjwa wa akili hakuletwa akiwa na jina la ugonjwa wake. Aliletwa na ndugu waliokwisha kuchoka, mara nyingi baada ya kupita kwanza kwa mganga mmoja au wawili.

Mtu alipoanza kusema peke yake, kukataa chakula au kutoka nyumbani usiku na kuingia porini, jamaa hawakuwaza dawa ya hospitali. Waliuliza ni nani aliyemfanyia, ni pepo wa upande gani aliyempanda, au ni mzimu gani wa ukoo uliosahaulika. Mtoto aliyepatwa na degedege alipelekwa kwa mtaalamu wa degedege. Mwenye kifafa alitengwa sahani na kikombe, kwa hofu kwamba mate yake yangeambukiza.

Haifai kuyacheka hayo. Mganga wa kienyeji alikuwa karibu, alizungumza lugha ya mgonjwa, alimjua mama yake na shangazi yake, na ngoma ya uganga ilimrudisha mgonjwa katikati ya watu wake kwa usiku mmoja au zaidi. Hospitali ya daraja la juu ilikuwa mbali, na lugha yake ilikuwa ngeni.

Ipo pia sababu ya kitaalamu inayofanya daktari wa kawaida awe mtu wa kwanza kuhitajika. Kuchanganyikiwa si ugonjwa mmoja. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu mpole apigane na kila amsogeleaye. Homa ya uti wa mgongo hufanya hivyohivyo, na vilevile homa ya matumbo, ulevi uliokatwa ghafla, na homa baada ya kujifungua. Malale, maradhi ambayo katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliyatumia kama sababu ya kuwahamisha wakazi wa Liwale, humaliza kazi yake kwa kuivuruga akili.

Kwa hiyo mtu anayepaswa kumpokea kwanza mgonjwa aliyechanganyikiwa ni yule mwenye uwezo wa kupima damu, kugusa shingo, kusikiliza kifua na kuuliza maswali kwa lugha inayoeleweka. Mtu huyo ni tabibu wa zahanati au daktari wa hospitali ya karibu, si bingwa aliye mkoa wa mbali.

Sheria na taratibu za wakati wa ukoloni hazikufikiri hivyo. Mgonjwa wa akili alichukuliwa kwanza kuwa hatari, kisha ndipo awe mgonjwa. Mbali na Lutindi, kituo cha wamisionari wa Kijerumani katika milima ya Usambara kilichoanza kuwapokea wagonjwa hao mwanzoni mwa karne ya 20, mahali pakubwa pa kuwapeleka palikuwa Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927.

Kutoka Nachingwea hadi Dodoma kwa njia ya kupitia Dar es Salaam ni mwendo unaokaribia kilomita 1,000. Mgonjwa alisafirishwa chini ya ulinzi, mara nyingine akiwa amefungwa. Ndugu hawakuwa na nauli ya kumfuata. Aliyepata nafuu hakuwa na njia ya kurudi, na aliyerudi alikuta shamba lake limegawanywa na mke ameolewa kwingine.

Mnero na mashamba ya karanga

Mwaka 1949 maisha ya Dk. Stirling yalibadilika. Alijiunga na Kanisa Katoliki, na kwa kufanya hivyo hakuweza kuendelea katika misheni ya Kianglikana. Badala ya kurudi kwao alihamia Mnero, wilayani Nachingwea, kwa Wabenediktini waliokuwa na makao yao makuu Ndanda. Huko aliiongoza hospitali ya misheni kwa takribani miaka 15.

Nachingwea ya wakati huo haikuwa kijiji cha kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika maeneo matatu ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalishushwa kwa mamia, misitu ikafyekwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikatandazwa kutoka pwani hadi Nachingwea.

Mpango ulikufa mwaka 1951, miaka minne tu tangu uanze. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikutabirika, na waliopanga kazi kutoka London hawakuwa wameuliza vya kutosha kwa waliolima ardhi ile miaka yote. Hasara ilikadiriwa kufikia paundi milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataruma yakang'olewa.

Karibu na mashamba hayo makubwa yaliyokuwa yakigeuka kichaka, hospitali ya Mnero iliendelea na kazi. Haikuwa na mamilioni. Ilikuwa na daktari, masista, wauguzi waliofunzwa, na wagonjwa waliokuja kutoka vijiji vya Wamwera wa pande za Nachingwea na Ruangwa, ambayo baadaye ilikuja kuwa wilaya kamili.

Mambo hayo mawili yaliyokaa jirani yanaeleza mengi. Mradi ulioletwa na mitambo pasipo kuzingatia wenyeji ulidumu kwa miaka michache. Hospitali iliyofundisha wenyeji kuiendesha bado ipo hadi leo, chini ya Jimbo Katoliki la Lindi.

Ni katika miaka hiyohiyo ya 1950 ambapo jambo jipya lilitokea duniani kuhusu maradhi ya akili. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutumia dawa iitwayo kloropromazini kwa wagonjwa wa akili, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kumtuliza mgonjwa aliyepagawa bila minyororo wala kuta. Kifafa kilikuwa tayari na dawa yake ya bei nafuu, fenobabitoni, iliyojulikana tangu mwaka 1912.

Maana ya jambo hilo kwa mahali kama Mnero ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kwa Paris. Ikiwa tiba ni kidonge, basi haihitaji ngome. Inahitaji mtu wa kukitoa, kumbukumbu ya mgonjwa, na uhakika kwamba mwezi ujao kidonge kitakuwapo.

Daktari anaingia Barazani

Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Chama kililazimika kuwatafuta Wazungu na Waasia walioaminika kuwa upande wa wananchi.

Dk. Stirling alikuwa mmoja wao. Kupitia uchaguzi huo wa mwaka 1958 na 1959 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Nchi ilipopata Uhuru alichukua uraia wake, na akabaki kuwa mbunge hadi mwaka 1980. Kwa miaka mingi pia alikuwa Skauti Mkuu wa nchi, kazi aliyoipenda tangu akiwa kusini.

Ubunge haukumtoa wodini. Katikati ya miaka ya 1960 alihama Mnero, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Kibosho, Kilimanjaro. Huko alikuta hali tofauti na ya kusini: watu wengi, barabara zinazopitika, na shule nyingi. Tofauti hiyo ya huduma kati ya mkoa na mkoa ndiyo iliyokuja kuwa hoja kubwa ya siasa ya afya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Miaka mitano wizarani

Mwaka 1975 Rais Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya, akiupokea wadhifa huo kutoka kwa Ali Hassan Mwinyi, ambaye miaka kumi baadaye alikuja kuwa Rais. Dk. Stirling alikuwa karibu na umri wa miaka 70, umri ambao wengi huwa wamekwisha kustaafu.

Alikuta sera imekwisha kuwekwa. Chama kilikuwa kimeamua kwamba fedha za afya zielekezwe kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini, badala ya hospitali kubwa za mijini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa imekwisha kuwahamasisha wananchi kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Operesheni Vijiji nayo ilikuwa imewakusanya watu, wengi wao pasipo ridhaa yao, katika vijiji vipya vilivyohitaji huduma.

Takwimu za kipindi hicho zinaonyesha kasi ya kazi. Vituo vya afya vijijini, ambavyo wakati wa Uhuru vilikuwa 22, vilifikia 239 mwaka 1980. Zahanati ziliongezeka kutoka 975 hadi takribani 2,600. Chanjo za watoto zilianza kutolewa kwa mpango wa kitaifa kuanzia mwaka 1975.

Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyopiga marufuku udaktari wa kujitafutia faida, na kuziacha hospitali za mashirika ya dini ziendelee. Sheria hiyo ina wanaoitetea na wanaoilaumu. Wapo wanaosema ilizuia afya kugeuzwa bidhaa. Wapo wanaosema iliwasukuma madaktari kukimbilia nje. Udaktari huo wa binafsi ulirejeshwa mwaka 1991.

Somo la ukoma na kifua kikuu

Jambo lililofanyika wizarani mwaka huohuo wa 1977, ambalo halitajwi mara nyingi linapozungumziwa jina la Dk. Stirling, ni kuanzishwa kwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mtaalamu aliyeusanifu alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi.

Kwa vizazi vingi mgonjwa wa ukoma alikuwa mtu wa kutengwa. Alipelekwa katika makazi yake maalumu, mbali na ndugu, na wengi walizeeka na kufa hukohuko. Mgonjwa wa kifua kikuu naye alilazwa kwa miezi mingi katika hospitali ya peke yake. Eneo la Masasi na Ndanda liliyafahamu makazi hayo vizuri.

Mpango mpya uligeuza utaratibu. Tiba iliingizwa katika huduma za kawaida za afya. Tabibu aleyule aliyetibu malaria na kupima wajawazito ndiye aliyechukua makohozi, akaandika jina katika daftari, akamsimamia mgonjwa ameze dawa. Kila wilaya ikawa na mratibu wa kufuatilia walioacha. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfano huo wa Tanzania na kuueneza duniani kote.

Kwa hiyo maradhi yaliyodhaniwa kuwa hayawezi kutibiwa ila kwa kumtenga mtu na jamii yake yalitibika katika zahanati, kwa daftari, kidonge na mtu wa kufuatilia. Ndilo somo lililokuwa likisubiri kutumiwa kwa wagonjwa wa akili.

Septemba 1978 mataifa ya dunia yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, na kutangaza kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Tanzania haikuwa mgeni wa fikra hizo. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotazamwa kama mfano.

Tangu Uhuru serikali ilikuwa imeanza kuwasogeza wagonjwa wa akili karibu na kwao, kwa kufungua wodi katika hospitali za mikoa na vijiji vya kilimo ambako waliopata nafuu waliishi na kulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mara baada ya Dk. Stirling kuondoka wizarani, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza kujaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani. Kiini chake kilikuwa kuwafundisha matabibu na wauguzi wa vituo vya kawaida kuyatambua maradhi ya akili na kifafa, na kuyatibu papo hapo.

Majaribio yale yalianza Morogoro na Kilimanjaro, si Lindi wala Mtwara. Kusini kulisubiri tena.

Zahanati bila dawa

Haitakuwa haki kuyasimulia mafanikio hayo na kunyamaza kuhusu upande wa pili. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta iliyopanda, na uhaba wa fedha za kigeni viliifikisha nchi mahali pagumu. Majengo ya zahanati yalisimama, lakini rafu za dawa zilikuwa tupu. Tabibu aliyefunzwa vizuri alibaki na kalamu tu.

Kwa mgonjwa wa malaria uhaba huo ulikuwa balaa. Kwa mgonjwa wa akili na wa kifafa ulikuwa balaa la namna nyingine, kwa sababu maradhi yao hayatibiwi kwa siku tatu. Mwenye kifafa aliyemeza dawa kwa miezi sita bila kuanguka, akikosa dawa ghafla huweza kuanguka mfululizo, na akiwa karibu na moto wa kuni huungua. Aliyekuwa akisikia sauti, akanyamaziwa nazo kwa dawa, huzisikia tena. Jamaa waliokuwa wameanza kuiamini hospitali hurudi kwa mganga, na safari hii wana ushahidi mikononi kwamba dawa za kizungu hazifai.

Mtu mmoja hurudi nyuma hivyo, na kijiji kizima hujifunza kutokana naye. Ndiyo maana katika tiba hii kukatika kwa dawa hakumdhuru mgonjwa peke yake, bali huiharibu imani ya watu iliyojengwa kwa miaka.

Njia inafika Nachingwea na Ruangwa

Ilibidi kungoja hadi miaka ya 2000 ndipo kazi ya kuingiza afya ya akili katika zahanati za kusini ilipopata msukumo. Shirika la BasicNeeds, lililoanzishwa Uingereza mwaka 2000 na Chris Underhill, lilianza kufanya kazi kusini mwa Tanzania mapema katika muongo huo, likishirikiana na huduma za serikali.

Mtazamo wake ungefahamika vizuri kwa mtu kama Dk. Stirling. Haukuwa wa kujenga hospitali mpya ya wagonjwa wa akili. Ulikuwa wa kumfundisha mtabibu aliyepo, kuhakikisha kliniki inafanyika kwa siku inayojulikana, na kumsaidia aliyepata nafuu arudie shamba lake, mikorosho yake au biashara yake ndogo. Mtu aliyepona lakini hana kazi na hana heshima hajapona bado.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili, iliyochukua nafasi ya sheria zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni. Kwa maandishi, mgonjwa wa akili amekuwa mgonjwa kwanza. Utekelezaji wake unategemea jambo lilelile lililokuwa gumu Lulindi mwaka 1935: kuwapo kwa mtu aliyefunzwa, mahali ambapo mgonjwa anaweza kufika kwa miguu yake.

Urithi wake

Dk. Stirling aliondoka katika uwaziri na ubunge mwaka 1980, akabaki nchini aliyoichagua. Hakurudi Uingereza kula uzee wake. Aliendelea kuishi Tanzania hadi alipofariki, takribani miaka 68 tangu afike Masasi.

Zipo kasoro katika enzi aliyoitumikia, na zipo sifa ambazo si zake peke yake. Zahanati 2,600 hazikujengwa na waziri mmoja. Zilijengwa na wananchi waliobeba mawe na kufyatua matofali. Mpango wa kifua kikuu ulisanifiwa na wataalamu wengine. Mtu wa haki hawezi kumvika yeye peke yake taji la kazi ya wengi.

Linalobaki kuwa lake ni mwelekeo. Aliuanzia kwenye kibanda cha udongo, akaushika Mnero, akauchukua hadi wizarani: kwamba daktari hodari kijijini hupimwa kwa idadi ya watu aliowaacha nyuma wakiweza kutibu, kuliko idadi ya operesheni alizozifanya mwenyewe.

Kwa mama wa kijiji cha Ruangwa ambaye mwanawe amekaa siku tatu bila kulala, akiongea na watu wasioonekana, suala hili si la historia. Kama zahanati ya kijijini kwake ina tabibu anayejua kuitofautisha malaria na maradhi ya akili, na kabatini mna dawa ya mwezi huu na ya mwezi ujao, kijana huyo atatibiwa akiwa nyumbani kwao, akila chakula cha mama yake. Kama havipo, atafungwa kamba, na safari ndefu itaanza.